Picha Iliyomvuta Mtoto Kwenye Sigara



Siku moja, yapata saa 2 usiku, nilikuwa nafunga mlango wa zahanati yetu. Zahanati hii iko karibu na Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Kutoka mwaloni ni mwendo wa dakika 10 tu. Mara nikaona mwanga wa tochi unakuja mbio. Alikuwa mvuvi mmoja, amembeba mwanawe mgongoni.

"Daktari, nisaidie," alisema. "Mtoto ananifia."

Mimi si daktari. Ni mganga msaidizi mwenye cheti, lakini kijijini kila anayevaa koti jeupe huitwa daktari. Niliwasha taa, tukamlaza mtoto kitandani.

Mtoto huyo ana miaka 11. Midomo yake ilikuwa imepauka. Jasho lilimtoka na mate yalimjaa mdomoni. Moyo wake ulikwenda mbio. Alikuwa ametapika mara 3 njiani. Nilipomuuliza anajisikiaje, alisema nyumba inazunguka.

Nilimpima malaria kwanza. Hakuwa nayo. Nikamuuliza baba amekula nini. Baba akajibu, "Ugali na dagaa, kama sisi wote nyumbani." Wengine wote walikuwa wazima. Basi nikamshika mtoto mkono ili nihesabu mapigo ya moyo. Ndipo niliposikia harufu kwenye vidole vyake. Ilikuwa harufu ya sigara.

Pale zahanati sina dawa maalumu ya kuondoa sumu ya tumbaku. Kazi yangu ilikuwa kumwangalia. Nilimlaza kwa ubavu, ili akitapika matapishi yasiingie kwenye mapafu. Nilihesabu pumzi zake mara kwa mara. Baba alitafuta pikipiki ikae tayari, maana degedege ikianza, au pumzi zikipungua, mgonjwa wa namna hiyo lazima aende hospitali upesi. Ilipofika saa 5 usiku mtoto alitulia. Akaomba maji.

Ndipo aliposema ukweli. Alikuwa amevuta vipisi 6 vya sigara, kimoja baada ya kingine. Alivuta kwa sababu alishindwa mchezo.

MCHEZO WA PAKITI

Mchezo wenyewe naujua. Nilipokuwa na umri wake niliucheza, tena nilikuwa hodari.

Watoto huokota pakiti tupu za sigara mwaloni, sokoni na kwenye kituo cha magari. Hukata ule upande wa mbele wenye picha. Huchora duara mchangani na kuzipanga picha katikati. Kila mmoja hurusha kizibo cha soda. Ukiipiga picha ikatoka nje ya duara, ni yako.

Picha zote hazina thamani moja. Ile ya sigara inayouzwa kila duka ni picha moja tu. Lakini pakiti iliyovuka ziwa kutoka Kenya au Uganda, wakati wetu ilibadilishwa kwa picha 10. Mimi nilikuwa na moja yenye farasi. Nililala nayo chini ya mto wiki nzima. Maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti hiyo sikuyasoma hata siku moja.

Zamani zetu aliyeshindwa aliwabeba wenzake mgongoni. Watoto wa sasa wamebuni adhabu nyingine. Aliyeshindwa anaokota vipisi vilivyotupwa na watu wazima, anawashiwa kiberiti, anavuta mpaka viishe. Na haya hayafanyiki mafichoni. Wazee wapo hapo hapo wakishona nyavu. Wengine hucheka mtoto anapokohoa.

MCHEZO HUU UNA BABU YAKE

Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu mmoja wa afya ya jamii alituonyesha picha za kadi ndogo za zamani. Nilishangaa. Niliona kwamba mchezo wetu wa mwaloni una babu yake. Babu huyo alizaliwa Marekani, kama miaka 140 iliyopita.

Wakati huo Wamarekani wengi walitafuna tumbaku au waliivuta kwa kiko. Sigara ilikuwa kitu kigeni. Ilisokotwa kwa mkono, moja moja. Pakiti zake zilikuwa za karatasi laini. Ukiweka pakiti mfukoni, sigara zilivunjika. Kampuni ya Allen & Ginter, katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, ilitia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili isibonyee. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kadi. Ilikuwa kama ubao wa kuzilinda sigara.

Kisha wenye kampuni wakaona karatasi hiyo isikae bure. Wakaichapa picha.

Kadi ilikuwa na upana wa kama sentimita 4 na urefu wa kama sentimita 7. Picha zilikuwa za rangi nyingi, nzuri kweli kweli. Nasema nzuri, maana nisiposema hivyo sitaeleza kwa nini watu walizipenda. Kulikuwa na ndege, samaki, bendera za nchi, wafalme, mabondia na wanawake wa michezo ya kuigiza. Kumbuka kwamba wakati ule mtu maskini hakuwa na picha ya rangi nyumbani kwake. Kadi ya sigara ilikuwa pambo. Mwaka 1887 Allen & Ginter walitoa kadi 50 za mabingwa wa michezo duniani. Kumi kati yao walikuwa wachezaji wa besiboli, mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa rungu.

Sasa sikiliza ujanja wenyewe. Kadi zilitolewa kwa mafungu, mara nyingi kadi 25 au 50 kwa fungu. Kila pakiti ilikuwa na kadi moja. Hukujua ni ipi mpaka uifungue. Mtu akipata kadi 10 anatamani ya 11. Akipata 49 hapati usingizi, anaitafuta ya 50. Anaipata kwa njia gani? Ananunua pakiti nyingine, na nyingine tena. Labda inatoka kadi aliyo nayo tayari. Hapo anatafuta mwenzake wa kubadilishana naye. Wawili hao sasa wote wanasaka pakiti.

Watoto ndio waliowaka zaidi. Huko Uingereza, ambako kampuni ya Wills ya mji wa Bristol ilianza kutoa kadi miaka hiyo ya 1880, ikawa desturi watoto kuwasimamisha wavutaji barabarani na kuwaomba kadi. Baba naye, akibembelezwa na mwanawe, alibadili aina ya sigara ili mtoto apate picha anayoitaka. Na mtoto aliyechoka kuomba aliweza kununua pakiti yake mwenyewe.

MASHINE NA WAVUTAJI

Kwa nini kampuni zilihangaika hivyo? Chukua kalamu tufanye hesabu.

Msokotaji hodari alisokota kama sigara 4 kwa dakika moja. Kwa saa 10 za kazi ni sigara 2,400. Mwaka 1881 kijana mmoja wa Virginia, James Bonsack, alipewa na serikali haki ya kumiliki mashine aliyoibuni. Mashine hiyo iliweza kutengeneza kama sigara 120,000 kwa saa 10. Gawanya 120,000 kwa 2,400. Utapata 50. Mashine moja ilifanya kazi ya watu 50.

James Buchanan Duke, wa mji wa Durham, jimbo la North Carolina, alianza kuitumia mashine hiyo mwaka 1884. Sigara zikajaa ghalani. Wavutaji ndio waliokuwa wachache, ikabidi watafutwe. Mwaka 1889 peke yake Duke alitumia kama dola 800,000 kwa matangazo, na kadi za picha zilikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Baadhi ya kadi zilikuwa za wanawake waliopigwa picha kwa mavazi yaliyoonekana ya aibu wakati huo. Baba yake Duke, mzee Washington Duke, alikuwa mtu wa kanisa. Mwaka 1894 alimwandikia mwanawe barua ya kulalamikia picha hizo. Alisema zinaharibu vijana. Mzee huyo mwenyewe ndiye aliyeanzisha biashara ya tumbaku ya familia yao. Kwa hiyo aliona ubaya wa picha, lakini sigara iliyokaa nyuma ya picha hakuiona. Simlaumu sana. Hata kwetu mzazi humpiga mtoto kwa kucheza kamari ya pakiti, kisha anamtuma dukani kumletea sigara 2.

Na sisi Waafrika tulichapwa humo. Kampuni ya W. S. Kimball, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, ilitoa mwaka 1888 fungu la kadi za watawala, wa Afrika wakiwamo. Jina la fungu hilo liliwaita watawala hao washenzi na nusu washenzi. Hiyo ilikuwa miaka ile ile ambayo Wazungu walikuwa wakigawana bara letu, baada ya mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885. Kwa hiyo mtoto wa Marekani aliweza kujifunza habari za Afrika kutoka kwenye kadi inayonuka tumbaku.

Kuna mtu mmoja ambaye kadi yake inasimuliwa mpaka leo. Ni Honus Wagner, mchezaji hodari wa besiboli. Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilichapa kadi za wachezaji wengi. Ya Wagner ilisimamishwa baada ya kuchapwa chache tu. Wengi husimulia kwamba alikataa kwa sababu hakutaka watoto wanunue tumbaku ili wapate picha yake. Wengine husema alitaka alipwe. Kadi hizo sasa ni adimu sana. Mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7 na robo. Nilipowasimulia wavuvi habari hii, waliuliza kama pakiti zao nazo zitafika bei hiyo. Niliwaambia wasizingojee.

MPAKA KWENYE ZIWA LETU

Msomaji utasema, haya ni ya Marekani, yanatuhusu nini sisi wa Usukuma, Ukerewe na Ukara?

Yanatuhusu hivi. Mwaka 1890 Duke aliungana na washindani wake, wakiwamo Allen & Ginter na Kimball, wakawa kampuni moja, American Tobacco. Mwaka 1902 kampuni hiyo na Imperial Tobacco ya Uingereza zilizaa kampuni ya British American Tobacco ili iuze sigara katika nchi nyingine. Kampuni hiyo ilifika Mombasa mwaka 1907. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa na kiwanda Jinja, Uganda. Jinja iko kwenye ziwa hili hili tunalovua, pale mto Nile unapoanzia. Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilikuwa mali ya umma tangu mwaka 1975. Mwaka 1995 sehemu kubwa iliuzwa kwa kampuni ya R.J. Reynolds, ambayo nayo asili yake ni North Carolina. Mwaka 1999 ikaingia mikononi mwa kampuni ya tumbaku ya Japani.

Kadi zenyewe ziliisha. Uingereza iliziacha mwaka 1917 kwa uhaba wa karatasi wakati wa vita, ikazirudisha mwaka 1922, ikaziacha tena mwaka 1940 kwa vita vingine. Lakini picha haikuisha. Ilihamia nje ya pakiti. Sigara zilizouzwa Afrika Mashariki zilikuwa na picha za jogoo, ndege, mwezi na nyota. Mtu asiyejua kusoma aliweza kumwonyesha mwenye duka picha tu, akapewa. Tumbaku ilijua kuongea na asiyesoma kabla hatujafungua darasa moja la kisomo.

SUMU ILIYOMO

Ndani ya tumbaku mna sumu iitwayo nikotini. Hiyo ndiyo inayomfanya mvutaji ashindwe kuacha. Kwa mtu mzima aliyezoea, sigara moja haimwangushi. Kwa mtoto ni mambo mengine. Mwili wake ni mdogo na haujazoea. Atatoka mate na jasho, atapauka, atatapika, kichwa kitauma, moyo utakwenda mbio. Sumu ikizidi atapata degedege, na mwisho anaweza kushindwa kupumua. Mtoto mdogo anayetambaa anaweza kupata madhara hayo kwa kutafuna kipisi au ugoro alioukuta sakafuni. Kina mama, fagieni vipisi, na kopo la ugoro liwekwe juu.

Likitokea, mtoe tumbaku yote mdomoni. Kama ugoro umempaka mwilini, muoshe kwa maji. Usimtie kidole kooni ili atapike. Usimlazimishe maziwa. Mlaze kwa ubavu, umlete zahanati wakati huo huo. Njoo na kipisi au ugoro wenyewe, na ukijua ni kiasi gani ametumia, niambie bila kuficha. Yule mvuvi aliniambia ugali na dagaa. Hakuficha, hakujua. Lakini nilipoteza muda.

Hayo ni madhara ya siku moja. Madhara ya miaka ni makubwa zaidi. Moshi wa tumbaku huleta saratani ya mapafu na ya koo, na maradhi ya moyo. Hudhoofisha mapafu, kwa hiyo mvutaji hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko asiyevuta. Huku mwaloni tunalala watu wengi katika kibanda kimoja, na kifua kikuu tunakijua. Mtoto anayelala ndani ya moshi wa baba yake hupata nimonia mara nyingi zaidi.

Wakati kadi zilipokuwa zinachapwa, haya hayakujulikana vizuri. Mwaka 1950 ndipo wataalamu wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walipotoa ushahidi mkubwa kwamba sigara huleta saratani ya mapafu. Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akatoa taarifa ya kusema hivyo hivyo. Hesabu tena: tangu mashine ya Bonsack mpaka ushahidi huo wa 1950 ilipita miaka 69. Kwa sasa Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Hapa Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 100 wanatumia tumbaku. Wanaume ni karibu 15 kati ya 100, wanawake ni 3.

Nchi yetu ina sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003. Kwa sheria hiyo ni marufuku kumwuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18. Mwenye duka hawezi kujitetea kwamba mtoto ametumwa na baba yake. Najua neno hili halitawapendeza baadhi ya wenye maduka. Ni majirani zangu, na sukari hunikopesha. Lakini yule mtoto nilimshika mkono mimi.

ASUBUHI YAKE

Kesho yake baba alirudi kunishukuru.

"Mwangaluka, daktari."

"Mwangaluka, baba. Mtoto ameamkaje?"

"Amekunywa uji. Mama yake hajamsamehe."

Katika mfuko wa shati lake niliona pakiti. Mzee huyu anahudhuria darasa la kisomo jioni, siku ambazo hakuna mwezi mkali haendi kwa sababu ndizo za kuvua dagaa. Nilimwomba anisomee maneno yaliyo kwenye pakiti. Aliitoa, akaigeuza, akaanza kusoma polepole, silabi kwa silabi. Alisoma jina la sigara. Kisha akafika kwenye onyo, kwamba uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya. Alirudia mara 2.

"Miaka 20 nimebeba hii," alisema. "Nilijua ni jina la kiwanda."

Sitaki kukudanganya, ndugu msomaji. Mzee huyo bado anavuta. Amepunguza kutoka sigara 10 kwa siku mpaka 4, na anakuja zahanati kila Jumamosi kuniambia amefika ngapi. Anasema usiku ziwani ni baridi, na mikono ikikosa sigara haijui ikae wapi. Tunajaribu karanga za kukaanga. Lakini hamtumi tena mtoto dukani, na vipisi vyake anavizima ndani ya kopo lenye mchanga.

Pale mwaloni wazee wamekubaliana kwamba atakayemwona mtoto na kipisi amnyang'anye, awe mwanawe au si mwanawe. Mchezo wa duara haujakatazwa. Sasa wanacheza kwa vizibo vitupu.

Wiki iliyopita yule mtoto alikuja mwenyewe na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na picha za pakiti 63. Tulizihesabu pamoja. Alisema mama ameamuru zichomwe, lakini yeye anaona bora aniachie mimi.

Niliangalia zote. Nikamuuliza kama hakuwahi kupata ile ya farasi.

Alitazama chini. "Hiyo nimebaki nayo, daktari," akasema.